Jinsi ya Kulisoma Doa la Hoho Kabla Jirani Hajalisoma

Ukiliona doa kwenye hoho yako, usimwite mtu. Funga mlango wa uani, vaa miwani kama unayo, chutama. Ukishaita mtu umekwisha, maana huku kwetu, kuanzia Somanga mpaka Lindi mjini, hakuna asiyejua dawa ya mmea wa mwenzake. Wa kwanza atasema ni jicho: umeziacha hoho zinang'aa upenuni, wapita njia wakazisifia bila kusema mashallah. Wa pili atasema udongo wako hauna chokaa. Wa tatu, na huyu ndiye wa kuogopwa, atanyamaza, ataondoka, kisha atarudi na kopo la unga wa njano uliobaki kwenye korosho.

Wote watatu wana nia njema, na wote wamehukumu kabla ya kumsikiliza mshtakiwa. Hoho yenyewe inasema. Doa linajieleza kwa mahali lilipokaa, kwa umbo lake na kwa msimu liliotokea, na mara nyingi ukishalisoma vizuri utakuta halihitaji kitu chochote cha dukani. Ndiyo maana ninasisitiza uchutame. Mtu aliyesimama haoni kitako cha hoho, na habari nyingi ziko kitakoni.

Kabla hujaligusa tunda, kumbuka kwamba hoho yenyewe ni mgeni hapa. Msafiri Ibn Battuta alipotia nanga Kilwa mwaka 1331, hakukuwa na hoho hata moja Kisiwani. Asili yake ni Mexico na nchi jirani, na mbegu za jamii hiyo zilivuka bahari baada ya Wareno kuanza safari zao. Hadi leo hoho nyingi za sokoni hulimwa kwenye ubaridi, Lushoto, Mgeta, Iringa. Joto la mchana likizidi nyuzi 32 mmea hupukutisha maua, na matunda machache yanayoponea hukua kwa taabu. Kwa hiyo anayepanda hoho kwenye ndoo iliyopasuka Kilwa Masoko ameamua kumlea mgeni mwenye masharti, na anastahili kusaidiwa kwa uangalifu zaidi kuliko kutupiwa unga.

Haya, shika tunda bila kulichuma, uligeuze taratibu. Juu kuna kikonyo, chini kuna kitako, katikati mbavu. Jiulize swali moja tu: doa liko wapi?

Likiwa kitakoni, au ubavuni kidogo juu ya kitako, tazama lilivyo. Huanza na alama iliyopauka, yenye majimaji. Siku chache baadaye alama hiyo hugeuka kahawia, kisha nyeusi, ikabonyea ndani na kukakamaa kama ngozi ya kiatu. Mpaka wake na sehemu nzima unaonekana wazi. Majani hayana kitu, shina halina kitu, na mara nyingi yaliyopatwa ni matunda ya mwanzo. Pengine utaona vumbi jeusi la ukungu limeota juu ya doa. Lisikubabaishe: ukungu huo umekuja baadaye, kula kilichokwisha kufa. Huko ni kuoza kitako, na si ugonjwa wa kuambukiza. Hakuna mdudu, hakuna kimelea, hakuna cha kuua.

Tunda limekosa kalsiamu, madini yaliyomo kwenye chokaa. Hapo ndipo jirani wa pili anapopata nguvu na kukuambia, "Si nilisema?" Mkaribishe akae, umuulize: pwani ya Kilwa ikose chokaa? Msikiti Mkuu wa Kisiwani na Husuni Kubwa ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, jumba la karne ya 14, vimejengwa kwa matumbawe na kuungwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Sehemu nyingi za ukanda huu ukichimba kidogo jembe linagonga jiwe la jamii ile ile. Kalsiamu iko tele chini ya miguu yenu wawili. Kilichokosekana ni usafiri.

Madini haya hupanda na maji tu kutoka mzizini, na huenda kule maji yanakokwenda kwa wingi. Maji mengi huenda kwenye majani, kwa sababu jani hutoa mvuke mchana kutwa, ilhali tunda lina ngozi yenye nta na hupoteza maji kidogo sana. Tena kalsiamu ikishafika kwenye jani imefika. Hairudi nyuma kulisaidia tunda. Basi siku moja au mbili za udongo mkavu, wakati tunda changa linakua kwa kasi, zinatosha kukiacha kitako chake mikono mitupu. Doa utaliona baadaye, wakati umeshamwagilia na kusahau, ndiyo maana watu hawaliunganishi na ile safari ya kwenda arusini Mchinga walipoacha ndoo zikauke.

Tiba yake ni maji ya mpangilio. Mche mkubwa kwenye ndoo ya lita 20, siku za jua kali, unaweza kunywa lita moja hadi mbili kwa siku, na unataka kunywa kila siku, kidogo asubuhi na kidogo jioni. Usiuache siku tatu halafu uumwagie ndoo nzima kwa huruma. Chomeka kidole udongoni mpaka kiungo cha pili: kikitoka kikavu umechelewa, kikitoka na unyevu acha. Tandaza makumbi ya nazi au nyasi kavu juu ya udongo, kwa unene wa vidole vinne, usiguse shina. Mchanga wa pwani ukiachwa wazi hukauka kabla ya adhuhuri, na hakuna matandazo ya bei rahisi kuliko makumbi, maana mengi tunayachoma moto bure.

Maganda ya mayai uliyoyaponda acha yalipo, hayadhuru. Lakini yanachukua muda mrefu kuoza, na kwenye udongo wenye chokaa nyingi huchukua muda zaidi. Maziwa usimwage, kanywe. Chokaa ya kupakia ukuta ndiyo naomba uiweke mbali kabisa, kwa kuwa udongo wa matumbawe tayari una uchungu wa chokaa, na ukiuongeza utaufungia mmea madini ya chuma na zinki, majani yageuke njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Sasa utakuwa na shida mbili. Punguza pia urea na mbolea mbichi ya kuku. Zinaleta majani mengi mazuri ya kusifiwa, na majani hayo ndiyo yanayolinyang'anya tunda maji. Halafu onja maji ya kisima chako. Visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi vina chumvi, na chumvi huuzuia mzizi kunywa hata udongo ukiwa umelowa. Utaona ncha na kingo za majani zimeungua. Kinga maji ya mvua wakati wa masika uyawekee hoho, na kisima kiachie minazi, inayostahimili chumvi.

Nimekaa sana kitakoni kwa sababu huko ndiko mkosi mwingi wa hoho za nyumbani uliko, na ndiko pesa nyingi za dawa zinakopotea.

Doa likiwa ubavuni au begani, upande mmoja tu wa tunda, simama sasa na utafute kibla. Sikutanii. Kutoka Kilwa, Makka iko karibu kaskazini kamili, hivyo kila mwenye mswala ana dira nyumbani. Mwezi Juni na Julai jua letu limeegea kaskazini. Doa la jua litakuwa upande wa tunda unaoelekea kibla. Desemba jua limehamia kusini na doa linahama nalo. Oktoba na Februari jua linapita utosini, hapo mabega ya tunda ndiyo yanayoungua. Na miezi yote upande wa magharibi uko hatarini, kwa jua la alasiri. Ukiona bakabaka jeupe au la rangi ya maziwa yaliyochacha, laini na jembamba mithili ya karatasi, na upande wa pili wa tunda ni mzima kabisa, hilo ni babuko la jua. Ugonjwa haujui kibla, jua linajua.

Tunda halikuzaliwa likiangalia jua. Lilikuwa na majani juu yake, kuna kitu kiliyaondoa: ugonjwa wa majani, mbuzi, au mwenye bustani aliyepogoa kwa bidii kupita kiasi ili "hewa ipite". Upepo mkali nao hufanya hivyo. Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024 na barabara kuu ya Dar es Salaam kukatika maeneo ya Somanga, mtu mwenye miche mitatu ya mboga nyuma ya nyumba alijua thamani yake. Na baada ya upepo kama ule, matunda yaliyobaki huwa uchi. Wakati wa kufunika ni pale pale majani yanapopukutika, kabla ya doa. Makuti mawili yaliyosukwa, yakiegemezwa upande wa magharibi juu ya fito, yanakata jua la alasiri na kupitisha la asubuhi. Hakuna wavu wa dukani unaofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kuna baka moja ambalo si doa, na linanipa huzuni kila ninapoona limepuliziwa sumu. Hoho ya kijani imekomaa, imekuwa nzito, halafu siku moja ubavuni inatokea rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani, bila kubonyea, bila kukauka, ngozi ikiwa nyororo. Bonyeza kwa kidole gumba: gumu. Ndugu yangu, hoho inaiva. Karibu kila hoho ya kijani uliyowahi kula ilichumwa mbichi. Ukiiacha hugeuka nyekundu, njano au rangi ya chungwa kwa kadiri ya mbegu yake, na njiani hupita kwenye kahawia hiyo isiyopendeza. Isubiri. Itakuwa tamu kuliko ulivyozoea.

Sasa yale ya kweli, yanayoambukiza. Hayachagui kitako wala upande wa jua, yanatokea popote tone la maji liliporukia, na yanapenda miezi ya mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka kaskazi inapovuma hadi masika yanapoisha.

La kwanza ni chule. Doa la mviringo, limebonyea, na ukilitazama kwa karibu lina pete ndani ya pete. Asubuhi yenye unyevu, katikati yake huota ute wa rangi ya waridi au chungwa, nao ni mbegu za ukungu zikisubiri tone la mvua zirukie tunda jingine. Hushika zaidi matunda yanayoiva. Ukungu wa jamii hii hushambulia pia maembe na korosho, kwa hiyo hoho iliyowekwa chini ya mwembe kwa ajili ya kivuli hupokea matone mabaya kila mvua inaponyesha. Chuma kila tunda lenye dalili, hata lenye doa moja, ulifukie mbali na bustani au ulichome. Usiliache chini ya mmea. Mwagilia udongo, usimwagilie majani. Mwaka unaofuata, pale palipokuwa na hoho usipande hoho, nyanya, bilinganya wala pilipili. Panda mchicha, bamia au kunde.

La pili ni madoa ya bakteria. Haya ni madogo, mengi, yameinuka juu ya ngozi na kukwaruza ukiyapitisha kidole, rangi ya kahawia. Tofauti na kuoza kitako, hapa majani nayo yana kesi: vidoa vyenye majimaji vinavyogeuka kahawia, kisha jani linaanguka, na majani yakianguka jua linaingia. Ndiyo maana tunda moja linaweza kuwa na vijipele vya bakteria upande mmoja na babuko upande mwingine, na aliyesoma doa moja tu atatibu nusu ya shida. Bakteria hawa huja na mbegu. Ukikamua mbegu za hoho ya sokoni usiyojua ilikotoka, unaweza kuwa umewaleta mwenyewe. Mwenye kipimajoto anaweza kuzisafisha kwa kuziloweka kwenye maji ya nyuzi 52 kwa dakika 30, kisha kuzipoza na kuzianika kivulini; bila kipimajoto usijaribu, utazipika. Dawa za kopa hupunguza kasi kama zimewahi mapema. Haziponyi doa lililokwisha kutokea. Na usiguse miche ikiwa imelowa umande, kwa maana mikono yako itawasambaza kuliko mvua.

Tundu dogo la sindano lenye eneo laini kuzunguka? Pasua tunda. Ukikuta funza weupe wasio na miguu, ni nzi wa matunda, na pengine ni yule mgeni kutoka Asia aliyeonekana Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na kuwa balaa la maembe. Usitupe tunda hilo jalalani. Funza atajichimbia udongoni na kurudi akiwa na mabawa. Lifungie kwenye kiroba kizito, ukiache juani siku kadhaa. Tunda lenye pete za rangi na majani yaliyojikunja ni la virusi, na mmea huo ung'oe leo.

Tumfikie sasa jirani wa tatu na kopo lake. Mwezi Juni hadi Septemba, wakati mikorosho inatoa maua, Lindi na Mtwara nzima inapambana na ugonjwa wa ubwiri unga, na salfa ya unga ni kitu cha kawaida kama chumvi nyumbani. Inabaki kidogo kila mwaka, na kinachobaki kinatafutiwa kazi. Kwa bahati mbaya huo ndio msimu mzuri wa hoho pwani, kusi ikivuma na joto limepungua. Salfa inazuia ubwiri unga. Haina la kufanya kwa kitako kilichokosa maji, wala kwa jua, wala kwa bakteria, wala kwa hoho inayoiva, na kwenye joto huunguza majani ya mboga, tuongeze madoa mapya juu ya yale tuliyokuja kuyatibu.

Salfa ni afadhali kuliko zile dawa nyingine za maji zinazopuliziwa mikorosho. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wamezitafiti kwa ajili ya mkorosho, mti ambao baada ya kupuliziwa hukaa wiki nyingi kabla ya kuvunwa, na tunachokula kimejificha ndani ya ganda tunalolitupa. Hoho haina ganda. Inachumwa kila wiki, inakatwakatwa mbichi kwenye kachumbari ikiwa na ngozi yake, na mtoto anaichuma mwenyewe akitoka shule na kuitafuna hapo hapo uani. Kibandiko cha dawa kinataja zao na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kila dawa inayouzwa kihalali nchini inapaswa kuwa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kopo lisilo na kibandiko, au lenye kibandiko kisichotaja mboga, ni la kurudishwa kwa mwenyewe kwa shukrani na kikombe cha chai. Hapa sina mzaha wowote. Mboga ya nyumbani tunaipanda ili tujue tunachokula.

Hoho yenye kuoza kitako au babuko ni chakula: kata sehemu mbaya, iliyobaki tia kwenye mchuzi wa samaki jioni hiyo, kwa kuwa haitakaa. Yenye chule usiile na usichukue mbegu yake.

Na ukiwa umechutama, umegeuza, umetafuta kibla, umepasua, na doa bado hulijui, chuma tunda moja lililoanza kuugua pamoja na jani lake. Lifunge kwenye gazeti, usilitie kwenye plastiki kwa sababu litatoka jasho na kuoza njiani. Lipeleke asubuhi hiyo hiyo kwa afisa kilimo wa kata yako, umweleze unamwagilia mara ngapi, maji ya kisima gani, na umeweka mbolea gani. Umweleze pia ulichopulizia, kama ulipulizia. Usimfiche.